Mama Mchungaji Kwenye Studio Zetu

Kwenye chuo chetu cha sanaa studio hazikuwa na milango. Jengo lilikuwa ghala la kahawa zamani, na kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alipewa kipande cha sakafu kilichotengwa kwa mbao nyembamba, pamoja na pazia alilojitafutia mwenyewe. Watu waliingia kwa kusukuma pazia huku wameshaanza kuongea. Mama Mchungaji hakuingia hivyo. Alisimama nje akasema, "Hodi humu ndani," na asipojibiwa alibaki amesimama palepale, hata kama anaziona ndala za mwenyewe chini ya pazia.

"Anajua tupo," nilimwambia siku moja, kamera ikiwa begani na mkono umeshaanza kufa ganzi.

"Anajua. Ila hajatukaribisha."

Jina lake alikuwa nalo, na walimu walijaribu kulitumia wiki ya kwanza. Halikushika. Alikuwa mjane wa mchungaji wa usharika mmoja upande wa Machame, na huku kwetu mke wa mchungaji hubaki Mama Mchungaji hata mume akishalazwa kaburini. Alikuwa amevuka hamsini wakati sisi wengine tumetoka shule juzi. Baada ya mazishi aliihama nyumba ya usharika, akashukia Pasua, mjini Moshi, kwa binti yake. Watoto walitaka apumzike na kulea wajukuu. Akawaambia, "Nimelea usharika mzima. Sasa na mimi nataka nikae upande wa wanaofundishwa." Akaja chuoni na mkoba wa kusuka, chupa ya chai na penseli zilizochongwa kwa kisu cha jikoni.

Mimi nilimjua vizuri kwa sababu ya kazi ya video. Mwalimu wa video alitupanga wawili wawili. Kila wawili wawahoji wanafunzi wenzao ndani ya studio zao, watengeneze filamu fupi, na iliyo bora ingeonyeshwa siku ya maonesho mbele ya wageni kutoka Arusha na Dar. Nilikuwa nimeomba moyoni nipangwe na mtu anayejua kuhariri. Nikapangwa na Mama Mchungaji.

Aliizunguka kamera kama anavyozungukwa ng'ombe mnadani. "Unajua kuiwasha?"

"Najua, Mama."

"Basi mikono yako, mdomo wangu. Macho tutagawana."

Hakuigusa kamera ile muhula mzima. Lakini kila siku ya kurekodi alivaa kitenge kingine na kilemba kilichopigwa pasi, wakati yeye haonekani kwenye picha hata ukucha. Nilimwambia anajisumbua. Akanijibu bila kuinua kichwa, akiwa anafuta vumbi kwenye viatu, kwamba kamera haimwoni lakini anayehojiwa anamwona. "Mtu akikufungulia mahali anapopenda kuwa peke yake, usimwendee kama umetoka kukamua."

Hakuhoji mtu mwenye njaa. Hilo lilikuwa sheria. Ndani ya ule mkoba mlikuwa na kiburu kwenye chombo cha plastiki, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, bado vya uvuguvugu, na alikigawa kabla ya jambo lolote. Mwanafunzi mmoja mwenye haraka alimwambia ameshakunywa soda. "Soda si chakula, ni kelele," akasema, na akamwekea kijiko mkononi. Watu wakila, yeye alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kutazama. Hakutazama picha zilizokamilika ukutani. Alitazama meza, sakafu, matambara, vitu vilivyosukumwa nyuma ya ubao. Maswali yake yalitoka huko.

Kwenye karatasi ya mwalimu tulikuwa na maswali ya kuanzia, la kwanza likiwa, "Kazi yako inamaanisha nini?" Mama Mchungaji alilisoma, akaikunja karatasi, akaifanya kifuniko cha chupa ya chai iliyokuwa inavuja. Yeye aliuliza, "Hiki ulichokigeuzia ukutani ni nini?" Aliuliza, "Ukikwama unakwenda kukaa wapi?" Kisha alinyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kugumu kustahimili. Mtu angejibu lile jibu la haraka, la kupendeza, na yeye angeendelea kumtazama kwa upole, mikono mapajani, mpaka mtu huyo aone mwenyewe kwamba hajamaliza.

Nakumbuka kijana mmoja aliyetengeneza ndege wakubwa kwa vyuma chakavu. Alikuwa na maneno mengi, uhuru, Afrika, mbawa, na aliyasema vizuri kwa sababu alishayasema mara nyingi. Mama Mchungaji akamsikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Mbona unapochomelea unasimama mbali hivyo? Mkono unaunyoosha kama unalisha mbwa mkali."

Kijana akacheka. Tukasikia mvua kwenye bati. Kisha akasema kwamba anaogopa moto, kwamba alipokuwa mdogo alimwagikiwa na uji uliokuwa jikoni, akapandisha fulana akatuonyesha ubavu. Alichagua kuchomelea kwa sababu hakutaka kuwa mtu wa kukimbia jiko maisha yake yote. Alipokwisha sema alionekana amechoka na amefurahi. Kile kipande cha dakika chache kilikuwa kizuri kuliko ndege wake wote, na nadhani alijua, maana toka siku hiyo ndege wake walianza kupungua mbawa na kuwa ndege kweli.

Nisije nikamfanya malaika. Mbele ya kamera alisikiliza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, lakini kamera ikizimwa aliongea juu ya maneno ya kila mtu. Ukimweleza habari ya ndoto yako alikukatiza na ya kwake. Kwenye foleni ya chakula alipanga watu kama wanakwaya. Alikuwa na maoni juu ya nywele zangu, juu ya msichana kama mimi kuvaa suruali, juu ya namna binti yake anavyokaanga vitunguu, na maoni hayo aliyatoa bila kuombwa. Alisali kabla ya kila kazi, sala fupi, na mara tu baada ya "Amina" alianza kulalamika kwamba waya wa maikrofoni umewekwa kijinga. Hakuwa hodari wa kuomba radhi. Akikukosea, kesho yake ungekuta ndizi mbivu juu ya stuli yako, na hapo ilikuwa juu yako kuelewa.

Kazi yake mwenyewe ya uchoraji iliwachekesha walimu mpaka walipoitazama vizuri. Alichora watu waliolala kanisani. Kwa miaka yote aliyokaa benchi la mbele kama mke wa mchungaji, alikuwa akigeuka pembeni kidogo na kuchora kwa penseli nyuma ya karatasi za matangazo. Wazee wa kanisa midomo wazi, akina mama vilemba vimeteleza, mtu mzima ameegemea bega la asiyemfahamu. Mumewe alijua. Wakirudi nyumbani baada ya ibada alimwambia, "Haya, nionyeshe leo nimelaza nani." Chuoni alizikuza zile picha kwa mkaa wa kuchorea, kubwa kama shuka, na ukisimama mbele yake ulishusha sauti bila kuambiwa.

Habari zikafika Machame. Walikuja akina mama watatu wa usharika wa zamani, wamevaa vitenge vya sare, na mmoja alijiona ukutani. Mama huyo akasema, "Kwa hiyo ndivyo ulivyokuwa unatuona."

"Nilikuwa nawaonea wivu," Mama Mchungaji akamjibu. "Mimi sikuruhusiwa kusinzia. Mtu anayelala kanisani ni mtu anayeiamini nyumba ya Mungu. Hakuna mahali pengine wewe umepumzika tangu uolewe, nakujua."

Yule mama aliendelea kuitazama picha. Mwishoni aliomba isipelekwe Machame, na Mama Mchungaji akakubali palepale, akaifunga kwa kamba. Baadaye nilimwambia ni picha yake bora. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimeifunga vizuri."

Hapo nilipaswa kufahamu ni mtu wa namna gani, lakini nilikuja kufahamu kwa habari ya Deo.

Deo alikuwa mchoraji kimya aliyepata kona ya mwisho ya ghala, penye mwanga kidogo. Alichora mibuni. Si mibuni yenye matunda mekundu kama kwenye kalenda; alichora visiki, mashimo, mizizi iliyogeuzwa juu. Tulimwachia siku ya mwisho kwa sababu tulijua hatasema mengi. Alikula kiburu, akashukuru, akakaa. Nikawasha kamera. Mama Mchungaji alizungusha macho kwenye kona ile, akaona begi kubwa la nguo chini ya meza, limefungwa kama la mtu anayesafiri, wakati Deo alikuwa anaishi bwenini hatua chache tu.

Akauliza, "Nani angeshangaa akikukuta hapa?"

Deo alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Baba."

Akaeleza polepole. Baba yake alikuwa mkulima Kibosho, ameng'oa kahawa yake baada ya kuitunza tangu ujana, akapanda mahindi na nyanya ili mwanawe asome kilimo. Deo alikwenda chuo cha kilimo muhula mmoja, akaacha, akaja kwetu. Nyumbani hakusema. Kila likizo alirudi na lile begi, akasimulia habari za mbolea alizosoma usiku wa kuamkia safari. Baba yake alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba kijana wake atairudisha kahawa. Deo alipofika hapo alilia, kilio cha mwanaume asiyejua pa kuweka uso wake, na mimi nilikuwa nimemkaribia kwa lenzi kiasi kwamba niliona machozi yanavyoingia kwenye rangi iliyokaukia kidoleni.

Mama Mchungaji alinipa ishara ya kiganja: zima. Nikazima.

Siku ya pili Deo alitufuata kwenye chumba cha kompyuta. "Mama, ile sehemu naomba mtoe," akasema. "Nyingine zote sawa. Ile hapana."

"Itatoka," akasema Mama Mchungaji.

Lakini mwalimu wa video alikuwa ameshaiona. Alikuwa mtu mwema, kijana, aliyeipenda kazi yake, na siku ile macho yake yaling'aa. Alituita ofisini, akasema hiyo ndiyo roho ya filamu, na kwamba bila kipande kile tuna mahojiano tu, na tukikiweka mwanzoni filamu yetu ndiyo itakayofungua maonesho. Nilikuwa sijawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote.

"Mwenyewe amekataa, Mwalimu," akasema Mama Mchungaji.

"Alikubali kurekodiwa. Wote tuliwaomba ridhaa mapema."

"Alikubali kuulizwa. Hakukubali kuvuliwa nguo."

"Sanaa inadai ujasiri, Mama."

"Ujasiri wa nani? Mimi na wewe tutakaa kwenye viti. Yeye ndiye atakayepigiwa simu na baba yake."

Mwalimu akasema tukikiondoa, filamu haitaonyeshwa siku ya ufunguzi, na alama zitakuwa za kazi isiyo na moyo. Hakuongea kwa hasira. Alitupa muda mpaka jioni.

Nilimfuata Mama Mchungaji uani nikiwa na yangu ya kusema, na niliyasema. Nilimwambia yeye ana maisha yake nyuma, mimi yangu hayajaanza, na kuna wageni wanakuja ambao wangeweza kunipa kazi. Alinisikiliza kama nilivyomwona akiwasikiliza wengine, mikono imetulia. Nilipokwisha alisema, "Ni kweli yote. Utaumia, na mimi nitakuwa nimekuumiza." Basi. Hakuongeza hata neno la kunibembeleza. Kisha akaenda kumtafuta Deo.

Alimkalisha mbele ya kompyuta, akaniambia nimwonyeshe kipande chote, mahali kinapoanza na mahali kinapoishia, na nakala yake ilipo. Akamwambia, "Kifute wewe mwenyewe. Sitaki ulale ukijiuliza kama tumekibakiza mahali."

Deo akafuta. Alipomaliza aligeuka akamwuliza Mama Mchungaji kitu ambacho sikukitarajia. "Mama, utanisindikiza nyumbani?"

Tulipanda Kibosho Jumamosi, watatu. Kamera niliibeba kwa sababu Mama Mchungaji alisema niibebe, lakini ibaki ndani ya mfuko. Tulipanda kwa miguu sehemu ya mwisho, kando ya mfereji, maji yakiwa ya baridi na yenye kasi. Karibu na kwao Deo alisimama kwenye ua wa mimea ya masale, akachuma jani moja, akalifunga fundo. Kwetu jani la sale ndilo humtangulia mtu anayeomba msamaha. Ukishalipokea, umekwisha kusikiliza.

"Hilo la nini?" Mama Mchungaji akauliza.

"La kumwomba baba msamaha."

"Kwa kosa lipi?"

"Kwa kuwa... nachora."

"Basi litupe, uchume jingine. La kuficha ndilo la kuombea. Kuchora hukumkosea mtu."

Deo alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akalitupa jani la kwanza kwenye mfereji, akachuma la pili.

Baba yake tulimkuta kihambani, shamba linalozunguka nyumba, anaondoa majani makavu ya migomba. Mtu mrefu, mkimya kama mwanawe. "Shikamoo baba," "Marahaba," halafu akatuona sisi wawili nyuma, akaosha mikono. Mama Mchungaji akajitambulisha. Aliposikia Machame, na Mlutheri, mjane wa mchungaji, mzee akatabasamu kidogo. "Zamani za vita, ninyi wa Machame mkija upande huu tulipiga pembe watu wakajifiche."

"Safari hii tumekuja wawili tu," akasema Mama Mchungaji akinigusa bega, "na mmoja ni mtoto wa Pasua."

Tukaketi. Tukaletewa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata ya kibuyu. Mume wa Mama Mchungaji alikuwa amehubiri dhidi ya pombe miaka mingi, na Mama mwenyewe sikuwahi kumwona akionja. Aliipokea kwa mikono miwili, akanywa funda dogo, akairudisha. Baadaye njiani aliniambia hakunywa pombe, alikunywa ukarimu.

Deo alipiga magoti akatoa jani. Akasema yote. Mama Mchungaji hakumsaidia kwa neno lolote. Nilimwona anauma mdomo wa chini kujizuia. Mzee alisikiliza akiwa ametazama mlima, ambao siku ile ulikuwa umefunikwa. Mama yake Deo akatoka jikoni kuona kama kuna mtu amekufa.

"Na huko wanakufundisha kuchora nini?" mzee akauliza mwishoni.

"Nachora kahawa, baba."

Mzee akacheka bila furaha. "Mimi nimeing'oa, wewe unaichora." Akanyoosha mkono akalichukua lile jani, akalitia kwenye mfuko wa shati. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Akasimama akaendelea na migomba yake, na baada ya muda Deo akachukua panga la pili akamfuata.

Siku ya ufunguzi wa maonesho filamu yetu haikuonyeshwa. Ilionyeshwa ya wengine, nzuri tu, na wageni wa Arusha na Dar walipiga makofi. Alama zetu zilikuwa za kupita. Ninyi mnaosikia habari zake leo mnaweza kudhani Mama Mchungaji alizipokea kwa utulivu wa mtakatifu. Alikwenda ofisini kwa mwalimu kugombana mara tatu, na mara ya tatu alimwambia kwamba kama moyo wa filamu ni machozi, akachukue kamera aende msibani. Alinuna wiki nzima. Mimi ndiye niliyemwekea ndizi kwenye stuli.

Jumatatu baada ya maonesho, watu wakiwa wanateremsha picha, mzee wa Kibosho alitokea mlangoni mwa ghala. Alivaa koti la Jumapili na kofia ameishika mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwalika. Deo alikuwa na ubao mkononi, akausimamisha chini taratibu.

Mama Mchungaji alimpeleka mpaka kwenye pazia la kona ya mwisho. "Hodi humu ndani," akasema, ingawa mwenyewe alikuwa nyuma yetu.

"Karibuni," Deo akajibu.

Mzee akaingia, akasimama mbele ya picha kubwa ya shimo na mizizi. Mama Mchungaji akamwuliza kama tunaweza kumrekodi, na akamweleza kwamba akitaka tuache tutaacha, na akitaka tufute tutafuta. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikawasha. Hata swali halikuulizwa.

"Huu ni ule mbuni uliokuwa karibu na kaburi la bibi yako," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Siku ile ulisimama pale penye ukingo tangu asubuhi. Wenzako wananisaidia kung'oa, wewe umesimama tu. Nilikuona mvivu. Nilikasirika sana." Akaisogelea picha, akaweka kidole karibu na mzizi mmoja bila kuugusa. "Nilidhani hutazami."

Mzee alikaa kwenye ndoo ya Mama Mchungaji, akatazama visiki vyote, kimoja kimoja. Kabla ya kuondoka alisema kwamba bado anataka kijana wake apate kazi ya kumlisha, na kwamba hilo hajalibadilisha. Kisha akauliza kama picha ile inauzwa au inaweza kupanda Kibosho. Ilipanda Kibosho, mgongoni mwa Deo, imefungwa kwa shuka.

Filamu yetu tuliionyesha wenyewe wiki iliyofuata, bwaloni, kwenye ukuta wa jikoni, kwa wanafunzi na wapishi. Mwisho wake ni mzee amekaa kwenye ndoo. Mwalimu wa video alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Taa zilipowashwa alikuja akamshika Mama Mchungaji mkono, akasema, "Nimeona." Hakubadilisha alama. Lakini wadogo zetu waliofuata waliniambia kwamba sasa anawafundisha kumpa mhojiwa filamu aitazame kwanza, na akishaitazama, waondoke na jibu lake, lolote litakalokuwa.

Deo leo anafundisha uchoraji shule moja ya Moshi na ana miche ya kahawa nyuma ya nyumba. Mimi narekodi harusi na vipaimara, na kila nikipata nafasi, wasanii. Mama Mchungaji alihitimu pamoja nasi, akachora miaka kadhaa pale Pasua kwenye chumba cha uani, akaonyesha kazi zake mara mbili. Halafu simu zake zikawa za shida kueleweka, na binti yake akaniambia amepooza upande wa kulia. Alilazwa hospitali ya Mawenzi, akatoka, na kijana wake mkubwa akamchukua kwake Sanya Juu, kwenye shamba, penye hewa.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, siku ya gulio, baada ya kazi. Mkwe wake alinipokea getini, mama mpole sana, akanishika kiwiko kabla hatujaingia. "Amerudia kuchora kwa mkono wa kushoto," akasema chini chini. "Ukionyeshwa, msifu. Daktari amesema tumtie moyo."

Alikuwa ameketi dirishani, amepungua, kilemba kimefungwa na mtu mwingine. "Shikamoo, Mama Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalitoka taratibu, kama mtu anayepita kwenye tope, lakini yalikuwa yake. Akauliza habari za mama yangu, za mume wangu, za Deo. Kisha akaelekeza kidevu kitandani. Karatasi zilikuwa zimetandazwa, na zote zilikuwa za ng'ombe yuleyule aliyeonekana dirishani, amefungwa kwenye mwarobaini.

Niliketi nikaziangalia. Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. "Si nzuri hizo?" akasema. "Kila mgeni anashangaa. Mchungaji mpya alizipigia makofi."

Mama Mchungaji hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Akachukua moja kwa mkono wa kushoto, akaiweka mapajani pangu. "Hii umeionaje?"

Nilimwona yule mama mlangoni ananikazia macho. Nilikumbuka alivyoniambia getini kuhusu daktari, na ingekuwa rahisi kusifu.

"Hii mbaya, Mama," nikasema.

Vikombe viligongana kwenye trei.

"Ubaya wake uko wapi?"

"Hapa begani. Miguu ya mbele haikubeba kitu. Ng'ombe ananing'inia."

Nilidhani nimemuumiza, na mkwe wake alidhani hivyo pia, maana aliweka trei chini akamjia. Lakini uso wa Mama Mchungaji, ule upande uliobaki na nguvu, ulikuwa umefunguka wote.

"Ananing'inia," akarudia. "Nilijua. Najua tangu nilipomchora. Tangu niugue kila anayeingia mlango ule ananipongeza, nikadhani na macho yangu nayo yamepooza." Akapumua. "Na hii?"

"Hii kichwa ni kizuri. Kichwa ni kizuri kabisa, Mama. Nyuma umechoka."

"Nilichoka. Na ile?"

Tukazipitia zote. Mbili tuliziweka kando kuwa zinafaa, nyingine akaniambia nizigeuze, upande wa nyuma bado ni mweupe. Mkwe wake alimimina chai, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, na baada ya muda yeye mwenyewe akaokota karatasi moja na kusema, kwa woga, kwamba hata yeye aliona mkia hauko sawa.

"Si ungesema," Mama Mchungaji akamwambia.

Akaomba penseli. Karatasi ilikuwa inateleza kwenye ubao kwa sababu mkono wa kulia haukuweza kuishikilia, basi nilipiga magoti sakafuni, nikaibana kwa viganja viwili. Akamtazama ng'ombe dirishani kwa muda mrefu, akaishusha penseli, na akaanza upya, kwenye bega.